SOMO LA IJUMAA: TUYATAFUTE NA TUYATUNZE MAKABURI YA WAZEE WETU VIJIJINI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye kwake tumetoka na kwake tutarudi. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake wote.

 

Kiangazi kikiingia, majani yanakauka na njia za vijijini zinapitika. Wengi wetu tunaokaa mjini tunapata nafasi ya kwenda kusalimia jamaa. Tunakwenda kwa ajili ya harusi, kilio au shamba, tunarudi na mchele na kuku, na tunamshukuru Mungu. Lakini ni wangapi kati yetu waliofika huko wakauliza: Wazee wetu wamelala wapi?

Wewe unayesoma karatasi hii, jiulize mwenyewe. Kaburi la babu yako mzaa baba liko wapi? La bibi yako mzaa mama liko wapi? Je, unaweza kumshika mtoto wako mkono ukamfikisha pale bila kuuliza mtu? Kama jibu ni hapana, basi somo la leo ni lako, na ni langu pia, kama utakavyoona mbele.

Neno la kushika leo ni hili: kaburi halipotei siku majani yanapoota juu yake. Linapotea siku anapokufa mtu wa mwisho anayelijua. Majani tunaweza kuyakata hata baada ya miaka hamsini. Lakini mzee akiisha kuzikwa na habari zake, hakuna wa kumuuliza tena.

1. MTUME (S.A.W.) ALITUFUNDISHA NINI

Ndugu zangu, mwanzoni Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu kuzuru makaburi, kwa kuwa walikuwa karibu na mambo ya ujahili. Imani ilipokaa imara aliwaruhusu, akawaeleza kwamba ziara hiyo inamkumbusha mtu mauti. Hadithi hiyo iko katika Sahihi Muslim. Yeye mwenyewe alizuru kaburi la mama yake, akalia mpaka waliokuwa naye wakalia. Alikuwa pia akitoka usiku kwenda Baqi, makaburi ya watu wa Madina, kuwasalimia na kuwaombea.

Sasa tazameni habari mbili ambazo zinagusa somo letu.

Ya kwanza ni ya Uthman bin Madh'un (r.a.), aliyekuwa ndugu wa Mtume kwa kunyonya. Alipozikwa, Mtume (s.a.w.) alimwagiza mtu alete jiwe. Yule mtu akashindwa kulibeba. Mtume mwenyewe akakunja mikono ya nguo yake, akalibeba lile jiwe, akaliweka upande wa kichwa. Akaeleza sababu yake: apate kulijua kaburi la ndugu yake, na awazike karibu naye watu wa jamaa yake watakaokufa. Ameipokea Abu Dawud. Basi kutia alama ili kaburi lijulikane ni jambo la Mtume, wala si desturi ya ujinga. Na alama yenyewe ilikuwa jiwe tu. Haikuwa nyumba, wala chokaa.

Ya pili ni ya mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Wapokezi wengi wanasema alikuwa mwanamke mweusi. Alikufa, watu wakamzika bila kumwambia Mtume, kana kwamba walimwona si mtu wa kusumbulia wakubwa. Mtume (s.a.w.) alipokosa kumwona aliuliza. Alipoambiwa amekufa, aliwalaumu kwa kutomwambia, akataka aonyeshwe kaburi lake. Akaenda, akamsalia pale pale. Habari hii iko kwa Bukhari na Muslim.

Sikilizeni vizuri. Mtume wa Mwenyezi Mungu alilitafuta kaburi la mfagiaji. Na kulikuwa na mtu wa kumwonyesha. Kama asingekuwako mtu anayelijua, lingeonyeshwa vipi?

2. MAKABURI YETU YALIPOTEAJE

Sisi watu wa Maniema tuna Uislamu wa zamani katika inchi hii. Wafanyabiashara kutoka pwani na Unguja walifika Nyangwe, kwenye mto Lualaba, katika miaka ya 1860. Baadaye Kasongo ikawa makao makuu ya Hamed bin Muhammad al-Murjabi, ambaye watu walimwita Tippu Tip. Vita kati ya wakubwa wale na dola ya mfalme Leopold vilianza mwaka 1892, na katika mwaka 1893 Nyangwe na Kasongo zilianguka. Tippu Tip mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi Unguja, akafa huko mwaka 1905. Mji ule wake wa zamani leo unaitwa Kasongo-Tongoni. Ninyi mnajua maana ya tongo: ni mahali palipokuwa na watu, na sasa hapana.

Baada ya vita vile, watu walitawanyika. Kisha ukaja utawala wa Wabelgiji na barabara zao. Vijiji vingi viliamriwa kuhama kutoka porini na kujengwa kando ya barabara, ili iwe rahisi kuhesabu watu, kutoza kodi na kupata wa kufanya kazi. Watu walihama na vyungu vyao, mbuzi wao na misahafu yao. Makaburi hayahami. Yakabaki kule matongoni. Kizazi cha kwanza kilikuwa kikirudi kuyasafisha. Kizazi cha pili kilirudi mara moja moja. Cha tatu kilisikia habari tu.

Halafu vikaja vita vya 1996, na vile vya 1998 mpaka 2003. Ninyi wenyewe mlikimbia, hamna lazima ya kuelezwa. Watu walizikwa usiku, kando ya njia, chini ya miembe, nyuma ya nyumba, bila sanda, na pengine bila sala. Waliowazika walikuwa wawili au watatu, na baadhi yao hawapo tena. Makaburi haya ni ya juzi tu, lakini yamo katika hatari kuliko yale ya mwaka 1893.

Tena tuseme ukweli mbele ya Mungu. Si wote waliolala katika matongo yale walifika wakiwa na bidhaa na vilemba. Wengine waliletwa wamefungwa. Mwezi wa saba mwaka 1871, Livingstone akiwa Nyangwe aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakiwapiga bunduki wanawake na wanaume sokoni, na wengi wakafa maji katika Lualaba. Hao hawana kaburi hata moja la kuonyeshwa. Na ndani ya vijiji vyenyewe, mtumwa alipokufa jina lake halikuandikwa ukutani. Sasa sisi tukienda kutafuta kaburi la shehe mkubwa au la babu mwenye mali peke yake, na tukakanyaga mengine ili tulifikie, tutakuwa tumesahau habari ya mfagiaji. Mbele ya Mwenyezi Mungu mbora ni mwenye kumcha zaidi, na hatujui ni nani kati ya wale waliolala pale.

Katika miaka ya 2010 wataalamu wa historia walifika Kasongo-Tongoni, wengine kutoka mbali, wakachunguza udongo na kuwauliza wazee. Walifanya kazi njema. Lakini ni haya kwetu ikiwa mgeni amemuuliza mzee wetu maswali ambayo mjukuu wake hajawahi kumuuliza.

3. JAMBO LILILONIPATA MIMI

Ninaeleza hili kwa kuwa ni kosa langu, na mwalimu anayeficha kosa lake hafundishi vizuri.

Nilisoma Kurani kwa mwalimu mmoja kijijini, tangu alifu mpaka kuhitimu. Alikuwa maskini. Alitufundisha kwa mbao na wino wa makaa, na wazazi wetu walimlipa kwa mchele na kwa kulima shamba lake. Mwaka 1999 alikufa, nami nilikuwa mbali kwa sababu ya vita. Nilipata habari baada ya miezi. Nikasema: Njia zikifunguka nitakwenda nimsalimie.

Njia zilifunguka mwaka 2003. Sikwenda. Nilikuwa na kazi, kisha mtoto aliugua, kisha mvua. Mzee mmoja aliyemzika alikuwa angali hai, na mara mbili alituma salamu kwamba nifike anionyeshe mahali. Nilijibu: Nakuja, Mzee. Nilikwenda mwishoni mwa mwaka 2004. Yule mzee alikuwa amefariki tangu mwezi wa tisa.

Nilimkuta mama mzee mmoja, jirani, Mkristo. Nikamsalimia, nikamwambia haja yangu. Akasema: «Mwalimu, mume wangu alisaidia kuchimba. Mimi nilibeba maji ya kuogesha, sikufika kaburini. Alinieleza tu kwamba wamemlaza nyuma ya lile jiwe kubwa, karibu na mke wake.» Alichukua fimbo yake, akanisindikiza. Nyuma ya jiwe, ndani ya majani, kulikuwa na mabonde matatu yamelala sambamba. Moja la mke, moja la mwalimu wangu, na la tatu la mtu tusiyemjua. Mama akayatazama, akasema: «Mwanangu, sitakudanganya. Sijui lipi ni lake.»

Nilikata majani kwa yote matatu. Niliwasalimia wote watatu na kuwaombea wote watatu. Nilikuwa nimechukua jiwe zuri kutoka mtoni ili niliweke kichwani kwake. Niliondoka nalo, sikuliweka. Mtu haweki alama mahali asipojua. Jiwe lile liko nyumbani kwangu mpaka leo, na kila nikiliona nakumbuka lile neno «nakuja».

4. NAMNA YA KUYATAFUTA

Usianze na panga. Anza na watu.

(a) Waulize wazee, na uandike. Chukua daftari. Andika jina la marehemu, jina la baba yake na mama yake, mwaka au tukio la kufa kwake (mwaka wa vita fulani, mwaka wa njaa fulani), nani alimzika, na mahali. Waulize hasa mama zetu. Wanaume wanakumbuka makaburi ya wakubwa, lakini mama ndiye anayejua mahali walipozikwa watoto wachanga. Waulize na majirani wasio Waislamu, kama ulivyoona. Kama una simu, rekodi sauti ya mzee akieleza, lakini uandike vilevile, maana simu huibwa na kuharibika.

(b) Mzee akiwa na nguvu, nenda naye. Maneno «kule ng'ambo ya kijito» yanaeleweka na aliyesema tu. Kama hawezi kutembea, mbebeni kwa baiskeli au pikipiki, mumlipe heshima yake. Siku moja ya kumbeba mzee inashinda mwaka mzima wa kutafuta bila yeye.

(c) Pitia kwa chefu wa kijiji na kwa mwenye shamba mbele ya kuingia. Eleza kwamba hukuja kudai udongo, umekuja kusalimia wafu. Mtu akiona mgeni anapima hatua ndani ya shamba lake bila kuaga, ana haki ya kuogopa.

(d) Tambua dalili za tongo. Miembe mikubwa iliyosimama kwa safu porini haikujipanda. Palikuwa na watu. Vipande vya vyungu na udongo mweusi wa jikoni ni dalili pia. Makaburi mara nyingi yako pembeni ya tongo, si katikati.

(e) Tambua dalili za kaburi. Udongo wa kaburi la zamani hushuka, ukaacha bonde refu jembamba la urefu wa mtu. Pengine kuna jiwe upande mmoja au pande mbili. Huku kwetu Kibla iko kaskazini, ikielekea kidogo mashariki. Kwa hiyo Mwislamu aliyelazwa kwa ubavu wa kulia na uso kuelekea Kibla, kichwa chake kiko upande wa mashariki na miguu upande wa magharibi. Bonde litalala hivyo. Lakini dalili hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa wengine nao huzika mashariki na magharibi, na wazee waliweza kukosea Kibla kidogo. Saa nzuri ya kuangalia ni asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, kwa sababu kivuli huonyesha mabonde ambayo mchana hayaonekani.

(f) Usichimbe kuhakikisha. Hata kidogo. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Ukiwa na shaka, baki na shaka yako na uwaombee wote.

5. NAMNA YA KUYATUNZA

(a) Kata majani, usiyang'oe na usilime. Miti midogo ikate chini kabisa. Ukivuta mzizi unavuta na udongo wa kaburi na mawe yake.

(b) Usiwashe moto. Najua katika kiangazi moto ni kazi rahisi. Lakini moto hupasua mawe, huunguza vibao vya miti kama vipo, na huenda ukala shamba la jirani. Badala yake fungua njia ya kuzuia moto kuzunguka makaburi, upana wa hatua nne au tano, ili moto wa wawindaji usiingie.

(c) Usikae juu ya kaburi wala usilikanyage. Mtume (s.a.w.) alitisha sana juu ya kukaa kaburini; alisema kukaa juu ya kaa la moto mpaka nguo iungue ni afadhali kwa mtu. Mnapofanya kazi, piteni katikati ya makaburi. Watoto waonyesheni njia mbele ya kuwapa mapanga.

(d) Jiwe lililoanguka lirudishe pale pale lilipokuwa. Jiwe lililo mbali usilisogeze mpaka mzee aseme. Usichukue jiwe la kaburi moja kupamba jingine.

(e) Usijenge wala usitie chokaa. Mtume (s.a.w.) alikataza kutia chokaa makaburi, kuyakalia na kujenga juu yake, na hadithi hiyo iko katika Sahihi Muslim. Jiwe kichwani linatosha. Fedha uliyotaka kununulia saruji, mpe yatima wa yule marehemu, au tengeneza kisima cha kijiji kwa nia ya kumpelekea thawabu.

(f) Majina yaandike katika daftari. Juu ya kuandika jina kaburini, wanavyuoni wamehitilafiana, na wengi wamelichukia. Daftari halina hitilafu. Chora ramani ndogo: kijito kiko wapi, jiwe kubwa liko wapi, hatua ngapi kutoka hapa mpaka pale. Usitegemee mti mmoja, maana mti huanguka au hukatwa makaa. Shika alama mbili au tatu. Kisha nakili mara mbili: daftari moja likae kwa familia, na jingine msikitini kwa imamu. Pasipo jina lililo hakika, andika «hajulikani». Usibuni.

(g) Rudi. Kazi ya mara moja inaliwa na mvua moja. Familia ikubaliane siku katika kila kiangazi. Dini haikuweka siku maalumu. Chagueni inayowafaa, na muwachukue vijana. Mtoto aliyekata majani kwa mkono wake hasahau mahali.

6. UDONGO NA UGOMVI

Sasa nafika penye uchungu. Makaburi mengi yameachwa si kwa uvivu tu. Yameachwa kwa sababu ya ugomvi wa udongo. Ndugu wawili wanagombea shamba la baba. Mmoja akienda kusafisha kaburi, mwingine anasema: Anatafuta ushahidi wa kunyang'anya. Basi wote wawili wanakaa, na baba yao anaota majani.

Na ni kweli kwamba wengine wanafanya hivyo. Wanalikumbuka kaburi siku mnunuzi anapokuja. Miaka thelathini hawakufika, leo wanasimama juu yake wakipiga kelele: Huyu ni babu yetu! Ndugu yangu, kama babu ni wako, mwombee kwanza. Matendo ni kwa nia, na Mwenyezi Mungu anaijua nia iliyo ndani ya jembe lako.

Mnaweza kufanya hivi. Nendeni pamoja, pande zote mbili za ugomvi, mbele ya chefu na imamu. Semeni wazi kwamba kusafisha hakutoi wala hakuondoi haki ya mtu katika shamba. Wekeni mipaka ya makaburi peke yake kwa mawe. Mipaka ya shamba mtagombania siku nyingine, penye haki yake.

Jueni pia jambo la sheria. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 iliweka kwamba udongo wa inchi ni mali ya Serikali. Tena iliweka kwamba mbele ya kumpa mtu ardhi ya vijijini, ufanyike uchunguzi pale mahali, na watu wenye la kusema wasikilizwe. Watu wetu wengi siku hiyo wananyamaza au hawapo, kisha trekta likifika wanalia. Siku ya uchunguzi, nendeni na daftari lenu. Semeni: Hapa pana makaburi, mipaka yake ni hii, na majina ni haya. Ombeni iandikwe. Neno lililoandikwa siku ile lina nguvu kuliko makelele ya baadaye. Hivyo hivyo kwa vijana wetu wanaochimba dhahabu: mkikuta mabonde yamelala sambamba, simameni, muulize mbele ya kuendelea. Hakuna dhahabu yenye baraka chini ya maiti.

Na makaburi yaliyotolewa wakfu kwa Waislamu hayauzwi. Si kwa shida, si kwa karo ya shule, si kwa makubaliano ya familia.

7. MASWALI NA MAJIBU

Swali: Wazee wetu wengine walikufa mbele ya kusilimu, au ni Wakristo, na wamelala pamoja na Waislamu. Tufanyeje?
Jibu: Kata majani kwa wote. Jeneza la Myahudi lilipopita mbele ya Mtume (s.a.w.) alisimama, na alipoulizwa alijibu kwa kuwauliza kama yule naye si nafsi. Dua ya maghufira ina hukumu zake, muulize mwalimu wako. Lakini heshima ya mwili wa mwanadamu na haki ya ujamaa hazina ubishi.

Swali: Wengine wanasema kuzuru makaburi ni shirki.
Jibu: Kumwomba maiti akupe mtoto au mali, hilo halifai, anayeombwa ni Mwenyezi Mungu peke yake. Kumsalimia maiti na kumwombea ni mafundisho ya Mtume. Usiache sunna kwa kuogopa shirki, wala usiingie katika shirki kwa jina la sunna.

Swali: Mama zetu wanaruhusiwa kwenda?
Jibu: Wanavyuoni wamehitilafiana. Waliokataza waliogopa kilio cha kupasua nguo na kujipiga. Walioruhusu wanataja Bibi Aisha (r.a.), aliyezuru kaburi la ndugu yake Abdurrahman. Mwenye kwenda kwa adabu na utulivu asizomewe. Na bila wao, nusu ya makaburi hatutayapata.

Swali: Ndugu yetu alizikwa wakati wa vita bila kusaliwa.
Jibu: Kama kaburi linajulikana, mwite imamu aende nanyi, asimame pale awasalishe, kama Mtume alivyomsalia mfagiaji. Kama halijulikani, njoo baada ya sala ya Ijumaa, tupe jina lake, tumsalie na tumwombee hapa.

8. MWISHO

Ndugu zangu, Kurani imetufundisha kuwaombea maghufira ndugu zetu waliotutangulia katika imani. Mnayapata hayo katika Sura ya Al-Hashri. Na Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba mtu akifa matendo yake hukatika, isipokuwa matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Wale waliolala matongoni walituachia dini hii. Walituachia miembe ambayo matunda yake tunakula mpaka sasa. Wametimiza yao mawili. La tatu ni sisi.

Basi kabla ya Ijumaa ijayo fanya jambo moja tu. Sikuambii uende porini leo. Mtafute mzee mmoja wa ukoo wako, mwanamume au mwanamke, kaa naye, umwulize: Nani wamelala wapi? Andika majina, hata kama ni matatu. Uyalete msikitini tuyatie katika daftari letu. Na kama mzee amekwisha kukutumia salamu kwamba ufike akuonyeshe mahali, usimjibu «nakuja». Nenda.

Ewe Mola wetu, warehemu wazee wetu na walimu wetu, wanaojulikana na wasiojulikana, wenye jiwe na wasio na jiwe, waliozikwa kwa sala na waliozikwa kwa haraka, na waliobaki katika maji na katika pori. Wapanulie makaburi yao, uyatie nuru. Na sisi zamu yetu ikifika, utujaalie watoto watakaojua mahali tulipolala. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tafadhali usiitupe karatasi hii chini, ina jina la Mwenyezi Mungu. Ukiisha kuisoma, msomee asiyejua kusoma, kisha mpe mwingine.